Mpiga mbiu wa Roma kwenye ufuko wa Mweru

Katika tamthilia ya televisheni ya Rome yupo bwana mmoja mnene ambaye hamuui mtu. Kwenye hadithi ambayo karibu kila mwenye jina anachoma kisu au anachomwa, hilo pekee lingetosha kumfanya akumbukwe. Kazi yake ni kupanda jukwaani katikati ya jiji na kutangaza habari. Mikono inamtangulia: viganja vinafunguka, vidole vinanyooka, mkono mmoja unapita kifuani taratibu, ndipo neno linatoka. Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa karne ya kwanza, aliandika kirefu kuhusu mikono ya msemaji, na mwigizaji Ian McNeice anaonekana kama aliyefuzu darasa lake. Leo anasoma amri ya Pompey. Caesar akiingia mjini, anasoma ya Caesar. Sauti ni ileile. Akimaliza mambo ya wakubwa, bila kubadili uso, anatangaza mkate wa chama cha wasaga nafaka.

Nilimpuuza bwana huyu hadi nilipokutana na mwenzake Kashikishi, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru nchini Zambia, mwendo mfupi kutoka boma la Nchelenge.

Banda lake la video lina mabati juu, magunia ubavuni, mabenchi ya mbao na sola moja inayotegemewa kwa kila kitu. Yeye huketi kando ya skrini, maiki mkononi, akitafsiri. Ni mtu wa Pweto, aliyevuka mpaka mwaka 2017 pamoja na maelfu waliokimbia vita vya Katanga na Tanganyika upande wa Kongo, wengi wao wakapelekwa makazi ya Mantapala. Kifaransa alisoma shuleni, na nakala yake ya Rome, iliyomo kwenye flashi, inazungumza Kifaransa. Watazamaji wanapata Kiswahili cha Katanga kilichonyunyiziwa Kibemba. Kazi yenyewe si ngeni kwa wasomaji wetu: Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, Kampala ina VJ Jingo. Kilichonikamata ni jinsi anavyomtendea mpiga mbiu.

Bwana mnene akipanda jukwaani, mtafsiri wetu anasimama. Anainua mkono kama anavyoinua yule, anausubiri ushuke, kisha anatangaza. Kwanza za Roma: nani amevuka mto, nani ametorokea kusini. Halafu, pale mkate wa wasaga nafaka unapotajwa, anaweka wake. Kuna mama mwenye chisense, dagaa wa ziwa hili, iliyokauka vizuri, bila mchanga, mlango wa tatu kutoka sokoni. Kuna chaji ya simu hapahapa ndani. Kesho saa tisa kuna mpira. Watu hawacheki. Wanasikiliza matangazo kwa umakini uleule waliosikilizia kuanguka kwa Pompey, kisha mkono unashuka na vita vinaendelea.

Aliniambia kwamba sehemu hiyo ndiyo inayolipa. Kiingilio kinanunua mafuta ya kula na vocha. Matangazo yanalipa sola. Aliniambia pia kwamba Caesar hamsumbui sana. Anaowapenda ni Vorenus na Pullo, askari wawili wanaotembea chini ya miguu ya wakubwa. Nilipomweleza kwamba majina hayo yamo kwenye kitabu cha Caesar mwenyewe kuhusu vita vya Gaul, alitikisa kichwa kwa namna ya mtu anayeambiwa kuwa maji yanalowesha. Alikwishajua kwamba ni watu kweli, akasema, kwa sababu wana njaa. Mapenzi ya kitandani hayatafsiri. Anaziba skrini kwa kiganja na kuhesabu, maana watoto hujificha nyuma ya magunia.

Kuna mahali pamoja ambapo mabenchi humshinda. Ni pale maseneta wanapomzunguka Caesar na visu, Machi 15 mwaka 44 kabla ya Kristo. Wazee wa Kongo hawamwachi amalize. Wanaanza kubishana ni nani hasa aliyewatuma. Hawasemi juu ya Caesar. Wengine walivuka kuja Zambia mara ya kwanza Pweto ilipoanguka, Desemba 2000, na wiki chache baadaye, Januari 16, 2001, Rais wa Kongo, Laurent-Désiré Kabila, alipigwa risasi ofisini kwake Kinshasa na mlinzi wake. Mjadala wa nani aliyetuma haujaisha hadi leo, bandani wala kwingineko. Mtafsiri hushusha sauti ya spika na kuwapa nafasi. Yeye mwenyewe haongezi neno.

Nikamuuliza kwa nini aende mbali hivyo wakati ufuko huu una hadithi yake. Nkuba, bwana wa ziwa na mkuu wa Washila, alimuua mtoto wa dada yake Nachituti, akamchuna ngozi na kuitandika chini ya mkeka wa kukalia. Nachituti akaenda kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, kuomba kisasi, na Nkuba alipouawa akamkabidhi mfalme kapu la udongo na chungu cha maji: ardhi na ziwa. Hakuna mwandishi wa Rome aliyebuni kitu cha kutisha kuliko mkeka ule. Hadithi imeandikwa kwenye Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, kitabu cha mwaka 1951 cha Mwata Kazembe XIV Chinyanta Nankula, na kila Julai Mwata hucheza ngoma ya Mutomboko pale Mwansabombwe akiwa na upanga.

Alinijibu haraka kuliko nilivyotarajia. Bandani kwake wanakaa Walunda, wanakaa Washila. Nani alipewa ziwa, na lilikuwa la nani wa kutoa, si mambo ya kutangaza kwa maiki. Pompey hana mjukuu kwenye benchi lake.

Afrika Kusini walithubutu na tamthilia ya Shaka iLembe mwaka 2023. Nani atathubutu na Nachituti, na atasoma toleo la nani?

Desemba hadi Februari uvuvi hufungwa, wavuvi hujaa bandani na muuza chisense hana cha kutangaza. Msimu mmoja wa namna hiyo, aliniambia, alikuja mtu na karatasi yenye maneno ya kusomwa pale mkono unapoinuka, na hayakuwa ya samaki. Malipo yalikuwa mazuri. Nilimuuliza kama aliyasoma. Alisema sola ililipwa, na akaniuliza kama ninakaa kutazama au ninaondoka, kwani aliyeketi analipa.