Mfupa wa Ng'ombe Katika Shingo ya Gitaa

Gitaa la umeme lililoundwa katika miaka ya 1960, wakati NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, na bendi nyingine za dansi zilipovuma nchini, laweza kulia vyema hata leo. Ila huwa na ugonjwa mmoja wa uzee: uzi ukipigwa bila kubanwa kwa kidole hutoa mkwaruzo, kama nyuki aliyefungiwa koponi. Mpigaji aliyeko Tunduma atashuku spika. Kabla ya kufungua cho chote, na abane uzi huo huo nyuma ya kijiti cha kwanza cha chuma kilicholazwa shingoni, kisha aupige tena. Mkwaruzo ukitoweka, kosa si la umeme. Karibu daima limo katika kipande kidogo kilicho juu ya shingo, ambacho nyuzi hukipitia kabla ya kufika kwenye vigingi vya kukazia.

Kipande hicho, ambacho kinafaa kuitwa kizingiti, kina mifereji sita. Uzi ulio wazi hutetema baina ya kizingiti na daraja lililo mwilini mwa gitaa. Ukibanwa, mwisho wa mtetemo huhamia kwenye kijiti cha chuma, na kizingiti hukosa kazi. Mfereji ukilika, uzi hushuka na kugusa kijiti cha kwanza kila utetemapo. Wenye kuula mfereji ni nyuzi nene, kwa kuwa zimezungushiwa waya wa nikeli, au wa chuma kilichopakwa nikeli, na zinapokazwa waya huo hukwangua kama tupa. (Chuma na nikeli ndizo metali za Kimondo cha Mbozi, kilichoko mkoani Songwe. Metali zote mbili huvutwa na sumaku; bila sifa hiyo mtetemo wa nyuzi usingeamsha umeme katika koili ya gitaa.)

Kutoka Tunduma hadi maduka ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, lakini bucha liko jirani. Mfupa wa muundi wa ng'ombe hupata ugumu kutokana na chumvi za kalisi na fosfati, na ushupavu kutokana na protini iitwayo kolajeni. Hapana budi uondolewe mafuta kwa kuloweshwa siku kadhaa katika maji ya sabuni. Usichemshwe mno, maana kolajeni huharibika na mfupa huwa mwepesi wa kuvunjika. Vumbi lake lisivutwe puani.

Kizingiti cha zamani hung'olewa taratibu, baada ya kukata rangi pembezoni kwa wembe ili isibanduke. Nafasi baina ya mifereji huigwa kutoka kwacho. Kina hakiigwi, kwani ndicho kilichoharibika. Mfereji huteremka kidogo kuelekea vigingi, ili uzi uegemee ukingo wa mbele. Uzi ukibanwa nyuma ya kijiti cha tatu, mwanya uliobaki juu ya kijiti cha kwanza uwe mwembamba kama karatasi. Ukizidi, kidole kitauvuta uzi mno, mkazo utaongezeka, na sauti itapanda kupita ilivyokusudiwa. Ukikosekana kabisa, mkwaruzo umerudi. Kwa hiyo tupa hupitishwa mara mbili tatu, uzi ukarudishwa, ukapimwa, kazi ikaendelea; nyuzi sita zaweza kumaliza mchana mzima.

Gundi ni tone moja tu, ili fundi atakayefuata aweze kukitoa.