Istilahi za Taarifa Inayokokotoleka Upya

Miongoni mwa dhana ambazo watafsiri na maofisa wa takwimu hukutana nazo siku hizi ni ile ya kuandika maelezo na hesabu katika hati moja. Katika makala haya tutaieleza dhana hiyo kwa mfano wa Mkoa wa Manyara na wilaya zake za Mbulu na Hanang, kisha tutapendekeza istilahi zake.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 320,279 Mbulu na 275,990 Hanang. Mkoa mzima ulikuwa na watu 1,425,131. Mwaka 2022 walifikia 1,892,502. Ofisa akitafuta kasi ya ongezeko la mkoa kwa kanuni inayojumlisha ongezeko mara moja kila mwaka, atapata asilimia 2.9. Mwenzake akitumia kanuni ya ongezeko la mfululizo, atapata asilimia 2.8. Wote wawili hawakukosea; lakini tarakimu ikichapwa peke yake, msomaji hajui imetoka wapi. Kwa Mbulu hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 2012 ilihesabiwa kuwa wilaya moja, na mwaka 2022 ikahesabiwa katika halmashauri mbili, ya Wilaya na ya Mji. Asiyezijumlisha atadhani kuwa watu wamepungua, na huenda akapanga madarasa na zahanati kwa dhana hiyo.

Njia ya kuepuka mkanganyiko huo ni kuandika taarifa kwa herufi za kawaida, na mahali pa tarakimu kupachika amri ya kuikokotoa kutoka katika jedwali la sensa. Kompyuta husoma hati, hutekeleza amri na kuweka jibu mahali pake. Jedwali likisahihishwa, hati huendeshwa tena na tarakimu zote hufuata. Donald Knuth alieleza wazo la kuunganisha maelezo na programu mwaka 1984. Mwaka 2002 Friedrich Leisch aliliingiza katika lugha ya takwimu iitwayo R kwa programu ya Sweave. Miaka kumi hivi baadaye Yihui Xie alitoa knitr.

Tunapendekeza istilahi zifuatazo:

(a) Matini tupu: maandishi yasiyo na mapambo ya uchapaji. Neno «tupu» hapa lina maana ile ile ya ugali mtupu: ugali upo, kitoweo ndicho hakipo.

(b) Kipande cha msimbo: amri zilizopachikwa ndani ya matini. Tumechagua «kupachika» kwa sababu kilichopachikwa hubaki kikitambulikana, kama jembe katika mpini wake.

(c) Kufuma: kuunganisha maelezo na majibu ya hesabu. Majina ya programu mbili tulizozitaja yametokana na ufumaji wa nguo na wa sweta; Kiswahili hutosheka na kitenzi kimoja kwa kazi zote mbili.

(d) Taarifa inayokokotoleka upya. Wako wanaopendelea «taarifa rudufu», lakini rudufu ni nakala, na nakala hurudia hata kosa bila kulionyesha. Hapa kinachorudiwa ni hesabu, si karatasi.

Ikumbukwe kwamba msimbo hausahihishi data mbovu. Huonyesha tu njia iliyofuatwa. Hata hivyo, mwalimu au ofisa wa Katesh mwenye jedwali, matini na msimbo anaweza kuihakiki tarakimu mwenyewe kabla ya kuitumia. Tunawaomba watumiaji wa lugha wazipime istilahi hizi katika kazi zao.