Kabla ya mvua: tukinge motopompi na matiyo yetu



Kule Ulaya, wakati wa baridi kali, maji yaliyobaki ndani ya matiyo yanaganda na kuvimba, na matiyo yanapasuka. Hapa Uvira baridi ya namna hiyo hatuijui. Kwetu kinachoharibu vyombo ni mafuriko na jua. Mwezi wa 4 mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu, ukabomoa manyumba na kuharibu mitambo ya maji ya mji. Mwaka 2024 ziwa nalo lilipanda mpaka ndani ya nyumba za kando. Motopompi ikienda na maji, kiangazi kinachofuata hakuna mboga.

Basi, mbele ya mvua ya mwezi wa 10, tufanye hivi:

1. Motopompi isilale kando ya mto. Hata kama ni nzito, watu wawili wanaibeba. Mvua ikinyesha milimani, mto unajaa hata kama huku chini ni kukavu.

2. Kiangazi kikiisha, toa esanse yote, kisha washa mpaka mashine izimike yenyewe. Fungua kizibo cha chini cha pompi, maji na mchanga vitoke. Iweke juu ya mbao, mahali pakavu.

3. Matiyo ya plastiki yakikaa juani yanakuwa magumu na kuvunjika. Yanayobaki shambani tuyafukie, mbali na ukingo unaoliwa na mto. Yale ya kuvutia maji tuyafungue, tuyakaushe, tuyatundike kivulini pamoja na chujio lake.

Na kama motopompi imekwisha kuzama? Usiivute kamba kuijaribu! Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda yanaweza kupinda vyuma. Kwanza toa buji, ndipo uvute kamba polepole mpaka maji yaishe. Mwaga oili na esanse, safisha kabiretere na chujio la hewa, kausha vizuri, weka oili mpya. Ukiona huwezi, peleka kwa fundi siku ile ile, mbele ya kutu.

Tunaomba kila komite ichague sasa watu wawili wa kuangalia motopompi, na ijulikane ni nyumba gani ya juu itakayoilinda. Mto ukishuka usiku, hakuna nafasi ya kufanya mkutano.