Likizo ya farasi kwenye piramidi: mtalii asipokuja, nani anamlisha farasi?

LUBUMBASHI – Katika komini ya Ruashi mzigo una njia nyingi za kusafiri. Makala hufika juu ya baiskeli, magunia yakiwa yamefungwa nyuma na mwenyewe akisukuma kwa miguu. Sementi na mifuko ya unga hupanda pusipusi. Watu hupanda pikipiki. Malori ya madini hupita na kuacha vumbi jekundu juu ya nguo zilizoanikwa. Farasi tu ndiye hayupo. Mjini Lubumbashi kuna klabu ya wapanda farasi, Cercle hippique, lakini huo ni mchezo wa watu wachache, na mtoto wa Ruashi anaweza kumaliza sekondari akiwa amemwona farasi kwenye simu peke yake.

Hata hivyo uwanja wa ndege wa Luano hauko mbali na Ruashi, na wafanyabiashara wa mji huu wamezoea kubadilisha ndege Addis Ababa wanapokwenda kununua bidhaa Dubai au China. Addis hiyo hiyo ni njia ya Cairo. Anayeamua kuongeza siku chache za mapumziko huko Misri atakuta kwamba, kabla hajafika hata kwenye jiwe la kwanza la piramidi, mtu amemshika mkono na kumwonyesha farasi. Kwa wengi itakuwa mara ya kwanza kukaa juu ya mnyama huyo. Ni vizuri kujua mapema anayekaliwa anaishi vipi.

Farasi wengi wa piramidi wanatoka Nazlet el-Semman, mtaa uliobanana chini kabisa ya uwanda wa Giza, karibu na Sphinx, ile sanamu yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Mabanda yako katikati ya nyumba, na harufu ya majani makavu na samadi inaingia hadi madukani. Kazi hii ni ya ukoo: babu alikodisha farasi, baba akakodisha, na kijana anajifunza kufunga tandiko kabla ya kujua kusoma vizuri. Safari fupi ni ya saa moja au mbili, kupanda mchanga hadi mahali ambapo piramidi zote za Giza zinaonekana kwa pamoja, kupiga picha na kurudi. Ya Khufu, iliyo kubwa kuliko zote, ilikuwa na urefu wa mita 146 ilipomalizika miaka zaidi ya 4,500 iliyopita. Leo imebaki na mita 138 hivi.

Safari ndefu ndiyo yenye utamu. Mpanda farasi anaiacha Giza nyuma na kwenda kusini, jangwa likiwa mkono wa kulia na mitende ya bonde la Nile mkono wa kushoto. Mpaka kati ya mchanga na majani mabichi umenyooka kana kwamba umekatwa kwa kisu. Baada ya muda zinatokea piramidi za Abusir, zilizobomoka na zisizo na watu wengi, kisha Saqqara, kilomita kama 15 kutoka Giza, yenye piramidi ya ngazi ya Mfalme Djoser ambayo ni kongwe kuliko ya Khufu. Eneo lote hili, kutoka Giza hadi Dahshur, liliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1979. Ukiwa kwenye basi unayaona makaburi haya moja moja, kila moja na geti lake. Ukiwa juu ya farasi unaelewa kwamba ni mji mmoja mrefu wa wafu, uliojengwa ukingoni mwa ardhi ya walio hai.

Wapigaji picha hawalitaji jambo moja: waliojenga piramidi hizo hawakumjua farasi. Mawe yalivutwa na watu, yakapelekwa kwa mashua. Farasi alifika Misri kutoka Asia karibu miaka elfu moja baada ya Khufu kuzikwa. Picha ya mpanda farasi mbele ya piramidi, inayoonekana ya kale kabisa, ni ya watu waliokuja baadaye sana.

Waafrika waliompenda farasi kweli kweli walikuwa kusini zaidi, katika nchi ya Kush, Sudan ya leo. Mfalme wao Piye, kutoka Napata, aliiteka Misri katika karne ya nane kabla ya Kristo, na habari za vita vyake aliziandika kwenye jiwe ambalo leo liko Cairo. Humo anasimulia kwamba alipouteka mji wa Hermopolis aliingia kwenye mabanda ya mfalme aliyeshindwa, akakuta farasi wamekonda kwa njaa. Piye akakasirika kuliko alivyokasirishwa na uasi wenyewe. Kwake, kuwaacha wanyama wale na njaa lilikuwa kosa kubwa kuliko mengine yote ya adui yule. Huko El-Kurru, alikozikwa, mwanaakiolojia Mmarekani George Reisner alikuta makaburi ya farasi 24 wa Piye na wafalme waliomfuata, waliozikwa wakiwa wamesimama. Sudan ina piramidi nyingi kuliko Misri, na Meroe ingekuwa safari nzuri kwa Mwafrika yeyote, lakini vita vilivyoanza Aprili 2023 vimeufunga mlango huo.

Kwa nini basi farasi hakufika kwetu? Si kwamba Katanga haikuwa na wafalme wala mali. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, watafiti walioanza kuchimba mwaka 1957 walikuta vyungu vizuri, mapambo na ile misalaba midogo ya shaba ambayo mababu waliitumia kama fedha. Kilichomzuia farasi ni mdudu. Mbung'o wa msitu wa miombo hubeba vijidudu vya nagana, ugonjwa ambao daktari David Bruce aliueleza mwaka 1895 huko Zululand, na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaokufa upesi nao. Ndiyo maana misafara ya Msiri, iliyobeba pembe na shaba kati ya Bunkeya na pwani zote mbili, ilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu. Kiswahili chenyewe kilifika Katanga kwa miguu. Wazungu nao hawakuwa na ujanja zaidi: msafara wa Kapteni Stairs, uliofika Bunkeya mwaka 1891 na kumuua Msiri, ulitegemea wapagazi vilevile.

Mgeni kutoka Ruashi anafika Giza, basi, bila mazoea ya farasi. Hajui farasi mzima anaonekanaje na mgonjwa anaonekanaje, na pale Giza kutojua huko kunamgharimu mnyama.

Tatizo hili si la jana. Mwaka 1930 Mwingereza Dorothy Brooke, mke wa afisa wa jeshi, alifika Cairo na kuwakuta farasi waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia wakivuta mikokoteni mitaani. Jeshi lilikuwa limewauza badala ya kuwarudisha kwao. Alipoandika katika gazeti moja la London, wasomaji walimtumia fedha, na katika miaka michache alinunua farasi wapatao 5,000. Wengi walikuwa wamechoka kiasi kwamba msaada pekee uliobaki ulikuwa kuwaua bila maumivu. Mwaka 1934 alifungua hospitali ya bure ya farasi na punda mjini Cairo, na shirika lililozaliwa hapo, Brooke, linafanya kazi hadi leo katika nchi nyingi. Brooke hakuwapokonya maskini wanyama wao. Alielewa kwamba mwenye mkokoteni naye ana watoto, kwamba farasi akifa nyumba nzima inalala njaa, kwa hiyo dawa ya farasi ni msaada kwa mtu pia.

Miaka 80 baadaye jambo hilo lilionekana tena wazi. Wananchi wa Misri walipomwinukia Rais Hosni Mubarak, Januari 2011, piramidi zilifungwa na watalii wakakimbia. Tarehe 2 Februari wapanda farasi na ngamia, baadhi yao kutoka Nazlet el-Semman, waliwavamia waandamanaji katika uwanja wa Tahrir. Wengi walisema walitumwa na watu wa utawala. Wengine walijitetea kwamba walikwenda kudai piramidi zifunguliwe ili wapate kula. Lolote walilolifuata, waliporudi nyumbani hapakuwa na mteja. Nchi iliyopokea watalii karibu milioni 14.7 mwaka 2010 ilipata chini ya milioni 10 mwaka 2011. Chakula cha farasi kinanunuliwa kwa fedha ya siku hiyo hiyo. Katika wiki zile farasi walikufa kwa njaa kwenye mabanda ya Giza, na mashirika ya hisani yalilazimika kugawa chakula cha wanyama. Hasira ya Piye ingekuwa na mahali pa kutua.

Msomaji wa Ruashi hahitaji kuelezwa sana hali hiyo. Komini hii imezungukwa na machimbo, na inajua maana ya kuishi kwa bei inayopangwa na mtu usiyemwona. Mwishoni mwa mwaka 2008 bei za shaba na kobalti ziliporomoka, makampuni mengi ya Katanga yakafunga na wachimbaji wa mikono wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, na hesabu za nyumba nyingi zikabadilika kwa siku moja. Tofauti ni kwamba nyundo na beleshi vinaweza kuwekwa pembeni hadi bei ipande. Farasi anakula kila siku, kuwe na kazi au kusiwe.

Watalii wamerudi Misri. Mwaka 2024 walifika takriban milioni 15.7, na jumba jipya kubwa la makumbusho karibu na piramidi lilifunguliwa rasmi Novemba 2025. Lakini wingi nao una shida yake. Farasi wa kukodisha anaweza kutoka na mteja mmoja na kurudi kupokea mwingine bila kufunguliwa tandiko, juani, kwenye mchanga unaomzamisha hadi juu ya kwato. Malalamiko ya wageni kuhusu vidonda na viboko yamekuwa mengi. Aprili 2025 uwanda wa Giza ulianza utaratibu mpya: mlango mwingine wa kuingilia, mabasi ya umeme ya kuzungusha wageni, na farasi na ngamia kuhamishiwa eneo lao maalum. Wenye wanyama walipinga hadharani, wakisema huko walikopelekwa wateja hawapiti. Mpango unamwokoa mgeni na kero na mnyama na lami, ni kweli. Lakini aliyeupanga angepaswa kuanza na swali la chakula cha kesho cha farasi wale, maana mwenye banda aliyekosa kazi hatapunguza kwanza sahani ya watoto wake.

Kwa anayefikiria safari hiyo, yapo mambo machache yanayomsaidia yeye na farasi. Aende asubuhi sana, kabla jua halijawa kali. Asikubali mnyama anayeletewa barabarani; aingie bandani, achague mwenyewe. Mbavu zinazohesabika kwa macho ni ishara mbaya. Aombe tandiko liinuliwe aone mgongo: kidonda au sehemu iliyokatika manyoya inasema yote. Amwangalie akitembea, kama anachechemea. Aangalie na mdomo, pale lijamu linapokaa. Mtu mnene aombe farasi mkubwa bila aibu, na anayepanda kwa mara ya kwanza adai kofia ngumu, kwa sababu mchanga si laini kama unavyoonekana. Akikuta mnyama mgonjwa, aseme wazi kwamba hampandi kwa sababu ni mgonjwa, kisha amkodishe mwenye farasi aliyenona, hata kama ni ghali kidogo. Wenye mabanda wanasikilizana kuliko wanavyosikiliza serikali.

Bei ipatanwe yote kabla ya mguu kuacha ardhi: ni saa ngapi, hadi wapi, na kurudi pamoja. Cairo kuna hadithi ya zamani ya kupanda kwa bei ndogo na kushuka kwa bei kubwa, na si hadithi tu. Neno la Kiarabu atakalolisikia kwa ajili ya farasi ni hosan, na bakshishi ni yale yale matabishi ya kwetu. Ayatoe mwishoni, mkononi mwa kijana aliyetembea kwa miguu akiongoza farasi, kwa maana huyo mara nyingi si mwenye mnyama. Viza ishughulikiwe mapema, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike nyumbani: anayetoka Kongo huombwa kuionyesha akiingia Misri. Miezi mizuri ni kuanzia Oktoba hadi Aprili. Asubuhi za Januari jangwani zina baridi, kwa hiyo jaketi liingie kwenye sanduku.