Mwinuko wa Kizingo ulivyozaliwa baharini

KILA jioni, hasa siku za Jumapili, wakazi wa Mombasa humiminika Kizingo kupunga upepo. Hutembea kando ya Barabara ya Mama Ngina, iliyojulikana zamani kama Azania Drive, wakinunua madafu na mihogo ya kukaanga huku wakitazama meli zikipita karibu mno na nchi kavu.

Si wengi wanaofahamu kwamba mwinuko huo wenye mibuyu mikongwe uliwahi kuwa chini ya maji.

Jabali la Kizingo ni matumbawe. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, kina cha bahari kilipokuwa juu kuliko sasa, viumbe wadogo wa baharini walijenga mwamba huo kwa chokaa ya miili yao. Baadaye dunia ikaingia katika kipindi cha baridi kali, maji mengi yakageuka barafu, na bahari ikashuka kwa zaidi ya mita 100. Mwamba ukaachwa juu, nayo mito ikachimba mabonde marefu kuelekea pwani.

Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda tena na kuyafunika mabonde hayo. Ndiyo asili ya mlango wa Kilindini, na ndiyo maana meli kubwa huweza kupita hatua chache kutoka Kizingo. Jina lenyewe lamaanisha mahali penye kilindi.

Hata hivyo, bahari iliyoujenga mwamba huo ndiyo inayoubomoa. Maji ya mvua yana asidi hafifu inayoyeyusha chokaa, huku mawimbi yakitafuna kitako cha jabali. Sehemu ya juu hubaki ikining'inia, hadi siku inapoporomoka ghafla.

Tishio kama hilo liliikumba Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 juu ya mwamba wa aina iyo hiyo. Ilibidi ukuta ujengwe ufuoni kuikinga na mawimbi.

Bustani ya Mama Ngina ilikarabatiwa na kutumiwa kwa sherehe za Mashujaa Oktoba 20, 2019. Lakini njia nzuri za kutembelea haziwezi kuzuia mmomonyoko. Anayesogea ukingoni kupiga picha hana budi kukumbuka kwamba huenda chini ya nyayo zake pana uwazi asiouona.