Ukosefu wa shaba mwilini waweza kupunguza damu

SAHANI ya githeri, chakula cha kawaida mtaani Makongeni, Thika, humpa mlaji madini ya shaba yaliyomo katika maharagwe. Maini, njugu, korosho na simsim pia huwa nayo.

Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 900 pekee kwa siku. Hata hivyo, yakikosekana, mwili hushindwa kutumia vyema madini ya chuma kuunda damu, na mgonjwa hubaki na upungufu wa damu hata akimeza tembe za chuma. Miguu nayo hufa ganzi.

Hali hii ni nadra. Huwapata hasa waliofanyiwa upasuaji wa tumbo na wanaomeza tembe nyingi za zinki kwa muda mrefu, kwani zinki huzuia shaba kufyonzwa. Hao wamwone daktari mapema, kwa kuwa mishipa ya fahamu ikidhurika huenda isipone kabisa.