Kuutambua Uyoga Mdogo wa Kwenye Gogo

Siku moja katika somo la insha za maelezo, wanafunzi wangu hapa Uganda waliokota uyoga mdogo kwenye gogo lililolala nyuma ya darasa. Nilipowauliza ni uyoga gani, mmoja alijibu, "Mwalimu, ni butiko tu." Kwa Kiganda, butiko ni uyoga wowote. Mwingine akaongeza kuwa uyoga wa kwenye gogo haudhuru. Makala haya mafupi yanaonyesha kwa nini majibu hayo mawili hayatoshi.

Uyoga ule huitwa kitaalamu Schizophyllum commune, jina alilolipitisha Mswidi Elias Fries mwaka 1815. Neno la kwanza limetokana na Kigiriki, yaani "jani lililopasuka". La pili ni la Kilatini, yaani "wa kawaida". Na kweli ni wa kawaida, kwani huota katika mabara yote isipokuwa Antaktika.

Dalili zake ni hizi:

Kwanza, umbo. Ni kama pepeo dogo lenye upana wa sentimita 1 hadi 4, nalo hushika gogo kwa ubavu, bila kikonyo cha kuonekana wazi.

Pili, upande wa juu. Ni mweupe au wa kijivu, tena una vinyweleo.

Tatu, upande wa chini, na hapa ndipo penye ushahidi mkubwa. Matamvua yake yamepasuka katikati kwa urefu. Wakati wa kiangazi kingo hizo hujikunja. Mvua ikinyesha hufunguka tena.

Nne, unga wake. Ulaze juu ya karatasi nyeusi usiku kucha. Utaacha alama nyeupe au ya waridi hafifu. Alama ikiwa ya kahawia, huo ni uyoga mwingine.

Je, huliwa? Katika sehemu za Kongo, Nigeria na India watu huula. Lakini tusidanganyike na gogo. Galerina marginata, uyoga mdogo wa kahawia unaojulikana sana Ulaya na Amerika Kaskazini, nao huota kwenye miti iliyokufa, na sumu yake huharibu ini na kuua.

Kwa hiyo dalili moja haitoshi. Zote zikubaliane, na hata hivyo usile kabla ya kumwonyesha mjuzi. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.